Mwiko wa bukari

Swali lilitoka nyuma ya darasa, saa ya mwisho, wakati joto la mwezi wa 10 linafanya kila mutu asinzie. Tulikuwa tumewaomba wanafunzi wetu waandike ukurasa mmoja juu ya kitu cha zamani kilicho nyumbani kwao. Wawili waliandika juu ya redio ya babu, mwingine juu ya baiskeli, mwingine juu ya picha ya ndoa. Msichana mmoja aliandika juu ya mwiko. Wenzake wakacheka. Alipomaliza kusoma, akainua mkono, akatuuliza: «Mwalimu, nani njo alitengeneza mwiko wa kwanza?»

Tumefundisha miaka karibu 20. Tunajua kuwaambia watoto nani alitengeneza mashini ya mvuke, nani alipiga chapa kitabu cha kwanza kule Ulaya, mwaka gani treni ilifika Katanga. Lakini kwa kile kijiti kinachosonga bukari ya mji mzima kila siku, hatukuwa na jibu. Tulimwambia: «Acha tutafute.» Na mwalimu akiahidi mbele ya darasa, lazima atafute kweli. Maandiko haya ni yale tuliyoyapata, pamoja na jambo moja tulilokuwa tunalijua tangu utoto lakini hatujawahi kuliandika.

Tuanze na jina. Watu wengi wa Lubumbashi wanafikiri mwiko ni neno la Kiswahili tu. Si hivyo. Wabemba wanasema umwiko. Wanyarwanda wanasema umwuko. Ukiendelea kuuliza kwa majirani zetu, utasikia neno lilelile likibadilika kidogo tu, kama watoto wa tumbo moja wanaofanana pua. Hata kijiko, kile kidogo cha kukorogea chai, ni mtoto wa mzizi uleule. Tena katika Kiswahili cha pwani, mwashi anayejenga ukuta anaita mwiko kile chombo chake cha chuma cha kupakaza simenti. Kazi ni ileile: kuchota, kusukuma, kulainisha. Lugha nyingi zikiwa na neno moja kwa kitu kimoja, wanaisimu wanasema kitu hicho ni cha zamani sana. Babu zetu walikuwa nacho mbele hawajatawanyika kila mmoja na njia yake. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule mwanafunzi ni hili: mwiko ulikuwapo mbele ya makabila yetu kupata majina yaliyo nayo leo.

Tulitaka tuone na macho. Watu waliochimba ardhi kule Sanga, kandokando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mwaka 1957 na 1958, walikuta makaburi ya watu walioishi pale miaka 1000 na zaidi iliyopita. Ndani ya makaburi walikuta vyungu vingi, vizuri sana, vitu vya chuma na vya shaba, na katika makaburi ya nyakati za baadaye vile vijisalaba vya shaba ambavyo kila mwanafunzi wa Katanga anavijua. Vyungu vilikuwa vya kupikia na vya kulia. Sasa, chungu bila mwiko kinafanya kazi gani? Mwiko ulikuwapo, hatuna shaka. Lakini udongo uliochomwa unabaki, shaba inabaki, mti unaoza. Tukisoma historia kwa njia ya vitu vilivyobaki tu, tunamuona mfua chuma na mfinyanzi. Yule mama anayesonga hatumuoni.

Mti unaweza kubaki kama umelala katika maji siku zote. Kule kwenye maporomoko ya Kalambo, kwenye mpaka wa Zambia na Tanzania, karibu na ncha ya kusini ya ziwa Tanganyika, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamekuta magogo mawili yaliyochongwa ili yashikane, na umri wake ni miaka isiyopungua 476.000. Wakati ule mutu kama sisi alikuwa hajatokea duniani. Sio mwiko, ni kweli. Lakini tulipowasomea wanafunzi namba ile, darasa lilinyamaza. Mkono unaochonga mti ni wa zamani kupita kila kitu kilichoandikwa katika vitabu vyetu.

Kuna sababu nyingine inayofanya mwiko usikae katika nyumba za makumbusho. Mwiko hautupwi. Mwiko ukivunjika, au ukiisha mpaka ubaki kama kidole, mama anauingiza chini ya nyungu. Unamaliza maisha yake kwa kupika bukari ya mwisho. Vitu vya wafalme vinatunzwa. Mwiko unatumika mpaka mwisho wake.

Wa kwetu ulichongwa na babu yetu mzaa mama, mutu wa Kasenga, kando ya Luapula. Tulimuona akifanya kazi hiyo wakati wa likizo kubwa, tungali wadogo. Alichagua mulombwa, ule mti unaotoa maji mekundu kama damu ukiukata. Alisema ni mti mwenye adabu: ukikauka haupasuki. Kwa mchi alitaka mubanga, kwa sababu ni mgumu na mzito, lakini mwiko wa mubanga, alisema, utamchosha mwanamke mbele bukari haijaiva. Alikata kipande kikingali kibichi, akakipasua kwa shoka akifuata nyuzi za mti, wala hakukata kuzipinga. Hapo njo siri yote: mwiko uliokatwa kupinga nyuzi utavunjika siku ya wageni. Halafu tezo, halafu kisu, na mwisho kipande cha chupa iliyovunjika kwa kuparuza mpaka ulaini. Akaupaka mafuta ya ngazi, akauacha kivulini siku kadhaa. Hakupima na kitu. Alimwita bibi, akampa aushike, akamtazama mkono. Tukauliza kwa nini. Akasema mwiko unapimwa na mutu, kama kiatu.

Sisi tuliosoma tunapenda kudharau vitu vya namna hii tukisema ni kijiti tu. Basi tukiangalie kama mwalimu wa fizikia. Unga wa mahindi ukiingia katika maji ya moto, kufika karibu digrii 65 chembe za wanga zinaanza kunywa maji na kuvimba. Zikivimba nje haraka kuliko ndani, mabonge yanatokea: nje imeiva, ndani ni unga mukavu. Dawa ya bonge ni kulibana kati ya kitu bapa na ukuta wa nyungu. Kijiko cha duara kinalizungusha tu bonge, halipasuki. Ndiyo sababu mwiko wa bukari una uso bapa, na ule wa mboga unaweza kuwa na shimo. Mpini ni mrefu kwa sababu mvuke unachoma; na hapa kwetu Lubumbashi, kwenye kimo cha mita 1.200 na zaidi, maji yanachemka karibu digrii 96, bado inatosha kubabua mkono. Tena mti haupitishi joto: aluminiamu inalipitisha mara zaidi ya 1.000 kuliko mti. Jaribu kusonga bukari na kijiko cha chuma, utajua haraka babu zetu walikuwa wamefikiri. Na mwisho, mti haukwangui nyungu.

Sasa, kusonga nini? Hapa wengi watashangaa. Bukari tunayoita ya asili si ya asili kama tunavyodhani. Mahindi yalitoka Amerika, na muhogo vilevile. Vilivuka bahari pamoja na Wareno baada ya mwaka 1492, vikaingia ndani ya bara polepole, kutoka soko hadi soko, kutoka shamba hadi shamba. Wasafiri Wareno waliofika kwa Kazembe, ng'ambo ile ya Luapula, mwaka 1798 na mwaka 1831, walikuta watu wanalima muhogo. Mbele ya hapo, wazee wetu walisonga mtama, wanaouita masaka, na ulezi. Kwa hiyo nafaka imebadilika, nyungu imebadilika kutoka udongo mpaka aluminiamu, moto umebadilika kutoka mafiga matatu mpaka mbabula. Mwiko haukubadilika. Katika jiko letu lote, chombo ambacho bibi wa bibi yetu angekishika bila kuuliza ni cha nini, ni hicho.

Tufike mjini. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Treni kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto Lubumbashi. Watu wa kazi walitoka pande zote: Katanga yenyewe, Rodesia ya Kaskazini, Maniema, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Kuwalisha watu wote hao, kampuni ililazimika kuagiza unga wa mahindi kwa treni kutoka Rodesia na kuugawa kama posho. Hivi njo mahindi yalishika mji, na mtu aliyekulia kwenye ulezi au muhogo alijifunza kula bukari nyeupe. Miaka ya kwanza kambi zilikuwa za wanaume. Walijipikia wao wenyewe, kazi ambayo katika kijiji wangeona haya kuifanya. Ni kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilipoanza kutaka mfanyakazi akae na mke na watoto, ili asirudi kwao. Mwaka 1928 njia ya reli ilifika mpaka Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ikapita katikati ya Kasai. Wamama wakashuka kwenye treni, kila mmoja na mzigo wake. Tuna hakika mwiko ulikuwamo katika mizigo mingi. Ni chombo chepesi, hakivunjiki, na hakuna aliyejua kama huko kwa wazungu utapata mwingine.

Ndivyo kambi zilivyokusanya katika uwanja mmoja mwiko wa Kiluba, wa Kibemba, wa Kasai, wa Maniema, mrefu na mfupi, mpana na mwembamba. Wamama walitazamana jikoni, wakaigana. Ukitaka kujua namna gani watu wa Katanga wamekuwa watu wa mji mmoja, soma vitabu, ni vizuri. Lakini fikiri vilevile juu ya wamama wawili wenye lugha mbili, wanaopita kwenye uzio kuazimana mwiko.

Kuna neno lingine lazima tulitaje. Katika Kiswahili sanifu, mwiko ni vilevile kitu kilichokatazwa, kile ambacho kule Kivu wanakiita muziro. Wenye kujua lugha watatuambia kama maneno hayo mawili ni ndugu au yanafanana sauti tu. Sisi tunajua hili: katika nyumba yetu, mwiko ulikuwa na miko yake. Mtoto mwanaume hapigwi na mwiko. Bibi alisema hataoa. Mtu halambi mwiko wa bukari. Mwiko wa bukari hauingii katika nyungu ya sombe wala ya samaki. Hauachwi umesimama ndani ya nyungu usiku. Na kubwa kuliko yote: mwiko hauombwi moja kwa moja kuwa wako. Unaazimwa, unaoshwa, unarudishwa siku ileile, kwa sababu jioni mwenyewe atasonga.

Na hapa tunafika kwa jambo lile.

Tulikulia Likasi, katika Kikula. Baba alikuwa mfanyakazi wa kampuni. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya familia iliyotoka Kasai. Baba wa nyumba alizaliwa hapahapa Katanga, na watoto wake vilevile. Mama wa nyumba ile tulimwita mama mukubwa. Mtoto wake wa kiume na sisi tulikaa benchi moja shuleni. Mwiko wake ulivunjika mara nyingi, kwa sababu alichanganya mahindi na muhogo na kusonga nguvu sana. Kila mara alipiga hodi kwenye uzio: «Mama, unipe kwanza ule wa babu.» Mama alimpa. Siku nyingine mwiko ulirudi na bukari kidogo kwenye sahani, tukaila, tukasema ya kwao ni tamu kuliko ya kwetu, mama akakasirika kwa mchezo.

Katika nusu ya pili ya mwaka 1992 mambo yaliharibika. Msomaji wa umri wetu anajua. Msomaji kijana tunamuomba awaulize wazazi kwa upole. Watu waliotoka Kasai, na wengi wao hawakujua hata njia ya Kasai, walifukuzwa katika nyumba zao, Likasi mwaka ule, na Kolwezi mwaka 1993. Walikusanyika kwenye stesheni na katika mashule, wakalala pale majuma na miezi wakingojea treni. Wengi walikufa, wengine pale stesheni, wengine njiani. Hatuandiki hapa ili kufungua kidonda. Tunaandika kwa sababu tulikuwa na miaka 12, na tulikuwapo.

Nyumba ya jirani iliingiliwa usiku. Asubuhi hapakubaki kitu, hata milango. Familia ilikuwa stesheni. Mama alifunga unga katika kikwembe, akamtuma dada yetu mkubwa. Dada akarudi akasema mama mukubwa anakoroga na kipande cha ubao wa sanduku, na bukari iko na misumari ya kutu. Mama alinyamaza. Halafu akainuka, akatoa mwiko wa babu kwenye msumari wake ukutani.

Baba akasema: «Acha. Watatuona.»

Mama akajibu: «Unga bila mwiko njo nini? Atakoroga na mukono?»

Tulitumwa sisi. Tuliuingiza mwiko ndani ya shati, mpini ukafika shingoni, tukatembea wima kama askari. Stesheni ilikuwa imejaa watu, mashuka, mikeka, moshi. Mama mukubwa alikuwa amepungua. Alipouona mwiko hakulia wala hakucheka. Aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole pale pembeni ulipoliwa na miaka ya mama kusonga na mkono wa kuume. Akasema: «Mwambie mama yako nitaurudisha.» Rafiki yetu alikuwa amekaa nyuma yake juu ya godoro lililokunjwa. Hatukujua tumwambie nini. Yeye vilevile.

Kisha siku chache, mama akatutuma tena na chumvi katika karatasi. Chumvi tu. Tulipofika kwenye njia kubwa tukawaona vijana wa mtaa wetu wamesimama pale, wale wakubwa, wakitazama nani anaelekea stesheni. Tuligeuka. Tuliimwaga chumvi katika mtaro, tukangoja mpaka saa ikapita, tukarudi nyumbani. Mama akauliza: «Umemfikishia?» Tukasema ndiyo.

Siku mbili mbele dada akaenda, akakuta pale mahali pao watu wengine. Treni ilikuwa imekuja.

Mwiko haukurudi. Kwa miaka mingi mama alisema pengine uko Mwene-Ditu, pengine Mbujimayi, unasonga. Alisema bila uchungu, kama mutu anayezungumzia mtoto aliyeolewa mbali. Hakuna habari iliyotufikia, wala ya mwiko, wala ya mama mukubwa, wala ya rafiki yetu. Mama alikufa mwaka 2011. Juu ya chumvi hatukumwambia kamwe ukweli. Tunajua ni kitu kidogo. Kwa mizani ya yale yaliyotendeka mwaka ule, chumvi ya kiganja kimoja si kitu. Lakini kila mutu anabeba sehemu yake, na sehemu yetu inapimwa kwa chumvi.

Siku mwiko ulipotoka, baba alichukua ubao wa sanduku, akaketi nyuma ya nyumba na kisu cha kazi. Hakuwa fundi. Alichonga mwiko mbaya, uso wake umepinda, mpini una pembe. Alimpa mama bila kusema neno. Mama akasonga nao jioni ileile. Tulifikiri ataununua mwingine mwisho wa mwezi. Hakuununua. Miaka ile ya 1990 mishahara haikufika vizuri, ni kweli, lakini mwiko si ghali. Alipika na ule ubao wa baba mpaka mwisho, na pole pole uso uliopinda ulinyooka kwa kusuguana na nyungu. Sasa unaning'inia katika jiko letu Lubumbashi. Mke wetu hataki kuutumia. Anasema huo ni wa mama.

Tumezunguka soko la Kenya kutazama hali ya mwiko leo. Iko mingi, imefungwa kwa mafungu, imechongwa haraka, mingine imekatwa kwa msumeno bila kufuata nyuzi. Pembeni kuna ya plastiki, rangi nzuri, inayoyeyuka ukiisahau kwenye ukingo wa nyungu. Tuliuliza wauzaji watatu ni mti gani. Wawili walisema «ni mti». Mmoja, mama mzee, alinusa na kusema si mulombwa, mulombwa imekuwa mbali. Alisema kweli. Magari ya makala yanayoingia mjini yanatoka mbali kila mwaka zaidi, na mukula, ndugu ya mulombwa, umekatwa na kuuzwa ng'ambo kwa makontena mpaka mahali pengi vimebaki visiki. Msitu uliotoa mwiko sasa ni moto chini ya nyungu, na siku moja tutakuwa na moto bila kitu cha kusongea.

Na unga vilevile hauko mkononi mwetu. Mwezi wa 8 mwaka 2024, Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache tu, kila jiko la Lubumbashi lilishtuka. Mji uliojengwa juu ya unga wa kuagizwa mwaka 1910 bado unatazama barabara ileile. Tungependa wakubwa wa jimbo walifikirie jambo hilo wakiwa wamekaa mbele ya sahani.

Tulirudi darasani na majibu yetu. Tuliandika ubaoni: neno, mti, nyuzi, wanga, mahindi, treni. Tukamwambia yule msichana kwamba aliyetengeneza mwiko wa kwanza hatutamjua, kwa sababu hakuandika jina lake na kazi yake iliungua chini ya nyungu. Lakini tunajua alikuwa na mkono, na alikuwa na mutu wa kumlisha. Tulileta mwiko wa baba, ukapita benchi kwa benchi. Na kwa sababu walituuliza mbona ni mbaya namna hii, tuliwaambia habari ya Likasi. Yote, hata chumvi. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema kwa sauti.

Darasani mwetu kuna watoto wa kila upande: wa Katanga, wa Kasai waliorudi, wa Kivu waliokimbia vita. Hawakusema kitu. Kisha mvulana mmoja, ambaye jina lake la ukoo ni la kulekule treni ilikokwenda, akauliza: «Mwalimu, na ule wa babu haukurudi?»

Tukasema hapana.

Akasema: «Basi uliisha. Waliusongea mpaka ukaisha.»

Tumelichukua jibu lake. Wenzetu wa chama wametuomba tumalize na shauri, kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki. Shauri letu ni hili. Jioni hii, wakati bukari inasongwa nyumbani mwako, uliza mwiko umetoka wapi, nani aliuchonga, ni mti gani, uliazimwa na nani. Andika jibu, hata mistari mitatu, uwape watoto. Kama wazee wako bado wazima, uliza upesi. Na jirani akipiga hodi kuuomba, usichungulie kwanza njiani kuona nani anatazama. Mpatie, na chumvi vilevile.